Je, wajua kwa nini wakata miti wa pwani ya Kanada wanamwaga magogo baharini?

Ukipata nafasi ya kutembezwa kwenye kazi ya ukataji miti kule British Columbia, pwani ya magharibi ya Kanada, utaona malori na misumeno, sawa, lakini kitakachokuacha mdomo wazi ni magogo yaliyoteremshwa mlimani kwa jasho halafu yanasukumwa baharini makusudi. Hivi hawaogopi yapotee?

Angalia ramani utaelewa. Pwani ile imechanwachanwa na ghuba nyembamba zinazoingia ndani kabisa katikati ya milima, visiwa ni maelfu, na sehemu nyingi hamna barabara yoyote ya kufika kwenye viwanda vya kupasulia mbao, ambavyo vingi viko kusini kuzunguka Vancouver na mto Fraser. Lori likishafika ufukweni kazi yake imeisha. Kuanzia hapo barabara ni bahari.

Ila hayatupwi ovyo. Kwanza yanachambuliwa kwa aina na ukubwa, yanapigwa alama kwa nyundo kwenye ncha ili ijulikane yametoka wapi, halafu yanafungwa mafurushi kwa waya. Hayo mafurushi yana maana kubwa sana kwa sababu mti kama hemlock ukiwa mbichi umejaa maji, gogo lake likiachwa peke yake linaweza kuzama ncha moja likabaki limesimama wima, kichwa kiko usawa wa maji na huwezi kukiona, na boti ikipita kwa kasi hapo ni balaa. Likifungwa na wenzake wanaoelea vizuri, wanalibeba.

Mimi hapa ndipo ningesimama kutwa nzima: kuna viboti vya chuma, vifupi, vina meno mbele ya kung'ata gogo, na propela yake inageuka pande zote kwa hiyo kiboti kinajizungusha palepale kama pia, kinasukuma furushi linalokizidi uzito kwa mbali mpaka linakaa mahali pake kwenye chelezo, yaani mafurushi mengi yaliyounganishwa pamoja yakielea. Anayekiendesha ana ujuzi wa kuheshimiwa jamani, maana kosa dogo tu upo majini katikati ya magogo.

Chelezo likikamilika linavutwa polepole na tagi, boti ya kuvuta vyombo vingine, mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye mlango wa Seymour Narrows mkondo unaweza kufika kasi ya noti 15, yaani karibu kilomita 28 kwa saa, kwa hiyo nahodha anasubiri maji yatulie kabla ya kupita. Kwa safari za bahari ya wazi, mfano kutoka visiwa vya Haida Gwaii, mawimbi yangelivunja chelezo, basi magogo yanapakiwa kwenye tishari, chombo kipana bapa cha kubebea mizigo. Kushusha mzigo wake ni ajabu nyingine: wanajaza maji kwenye matangi ya upande mmoja, tishari linalala taratibu, linalala zaidi, mara mzigo wote unaporomoka kwa pamoja na tishari linajiinua lenyewe.

Sasa kwa nini wasiyaache tu baharini mpaka kiwanda kiyahitaji? Kuna kiumbe wa jamii ya chaza, mwili kama mnyoo, anatoboa mbao zilizoko kwenye maji ya chumvi mpaka ndani zinabaki matundu matupu. Kwenye maji yasiyo na chumvi hawezi kuishi. Ndio maana magogo mengi yanaenda kusubiri zamu yake mtoni, Fraser.