Swastika kwenye bendera: tazama bendera nzima

Mwaka 2025 Jeshi la Anga la Ufini lilisema swastika (msalaba wenye mikono iliyopinda) itaondolewa kwenye bendera za vikosi vyake, na tangu hapo tunaulizwa kwa nini Wafini "walibaki na alama ya Hitler". Hawakuitoa kwa Hitler. Machi 1918 Eric von Rosen, Mswidi wa ukoo wa kifahari, aliwapa ndege yenye swastika za buluu, alama yake ya bahati. Ikawa nembo ya ndege zao hadi 1945. Chama cha Nazi kilipandisha bendera yake mwaka 1920. Bendera ya Rais wa Ufini bado inayo, ndani ya Msalaba wa Uhuru, nishani ya Ufini, pembe ya juu karibu na mlingoti.

Waguna, watu wa asili wa Panama, nao walikuwa na bendera yao yenye swastika katika uasi wa Februari 1925. Mwaka 1942 waliongeza duara jekundu ili isichanganywe na ya Wanazi.

Kigezo cha "ikielekea kulia ni Nazi, kushoto ni Buddha" tunaomba kiachwe kabisa. Wahindu na Wajaini (wafuasi wa dini nyingine ya India) huichora ikielekea kulia, na bendera ya kitambaa chepesi ukiitazama kwa nyuma mikono hugeuka. Angalia uwanja wake, yaani rangi na maumbo yanayoizunguka. Ya Nazi ni nyekundu, duara jeupe, swastika nyeusi iliyoinamishwa nyuzi 45 ikasimama kwa ncha; sheria ya 15 Septemba 1935 iliifanya bendera pekee ya taifa la Ujerumani. Ya Wajaini ina mistari mitano ya rangi, na juu ya swastika kuna nukta tatu na mwezi mwandamo. Swastika kwenye hekalu la Wahindu Mombasa si jambo la kuripoti polisi.

Kwa walioko Ujerumani: kifungu 86a cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo hadi miaka 3 au faini kwa anayeonyesha swastika ya Nazi hadharani au kuisambaza. Kuitengeneza, kuihifadhi au kuiingiza nchini kwa nia ya kuisambaza pia ni kosa, na alama inayofanana nayo kiasi cha kupotosha huhesabiwa sawa. Picha uliyoiweka mtandaoni kwa wote ni hadharani. Elimu ya uraia, sanaa, utafiti, ufundishaji na habari vimesamehewa, lakini muktadha lazima uonekane kwenye chapisho lenyewe. Maelezo unayoyatoa baada ya kuitwa polisi huwa yamechelewa. Swastika iliyokatwa kwa mstari kupinga Unazi iliruhusiwa na Mahakama Kuu ya Shirikisho mwaka 2007, mradi upinzani huo uwe dhahiri. Kwa shauri lililokwisha kufunguliwa, mwone wakili.