Kidonda kisichopona, jua na pete za vinasaba: maswali na majibu

Jua linaharibuje ngozi?

Vinasaba vyako vimeandikwa kwa herufi nne, na kila herufi ni molekuli yenye umbo la pete. Pete hizi ni imara. Zikinasa mwale wa urujuanimno, yaani mwale wa jua usioonekana kwa macho, karibu kila mara huutoa kama joto papo hapo. Lakini siyo kila mara. Pete mbili za thaimini, moja ya herufi hizo nne, zilizokaa jirani zinaweza kufunguka ubavuni na kushikana, kama vidole viwili vilivyoganda kwa gundi. Seli ikija kunakili vinasaba hukwama hapo, au huandika herufi isiyo yake.

Mwili haujirekebishi?

Hujirekebisha. Vimeng'enya, mafundi wa ndani ya seli, hukata kipande kilichoharibika na kujaza kipya. Utafiti wa kazi hiyo ulimpa Aziz Sancar sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015. Ila anayeungua kila siku humchosha fundi. Makosa yaliyoachwa hujilimbikiza kwa miaka, mpaka seli moja inaanza kuzaana ovyo. Hiyo ndiyo saratani ya ngozi.

Mtoto mwenye ualbino si atalizoea jua taratibu?

Hapana. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, ndiyo inayonasa mionzi kabla haijafika kwenye vinasaba, na yeye anayo kidogo mno au hana kabisa. Hakuna kuzoea. Ngozi inayoonekana "imekomaa", yenye magamba na madoa, haijakomaa, imeumia.

Nina kidonda sikioni, lakini hakiumi. Nisubiri?

Usisubiri. Saratani ya ngozi mwanzoni mara nyingi haiumi, na kutouma huko ndiko kunakowaponza watu. Kidonda kilichopita wiki nne bila kupona kipimwe, kiume kisiume.

Nikipaka dawa kinakauka, halafu kinarudi. Si ni dalili nzuri?

Hapana, tena hapana. Gamba likidondoka, kikavuja damu kidogo, kikafunga na kufunguka tena, hiyo ndiyo tabia ya saratani hii. Nimewahi kubandua plasta tatu zilizopandana nyuma ya sikio la mzee mmoja. Kila iliyolowa aliifunika kwa nyingine, huku akibadilisha mafuta, unga wa majani na vidonge vya kuua bakteria vilivyosagwa. Alianza na kipele. Alipofika kwetu hospitalini, nusu ya sikio ilikuwa imeliwa. Dawa ya bakteria haitibu saratani. Naomba, kwa heshima zote, tuache kuvisaga vidonge hivyo.

Kikikatwa si kitasambaa?

Hili nalo nalisikia kila wiki. Kisu hakisambazi saratani hii. Kuchelewa ndiko kunakoisambaza. Kikiwahiwa kikiwa kidogo, mara nyingi hukatwa kwa ganzi ya pale pale na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Lakini jua si linatupa vitamini D?

Ni kweli, na hapo pia ni suala la pete: mwale hufungua pete moja ya kemikali ya jamii ya kolesteroli iliyomo kwenye ngozi, na safari ya vitamini D inaanza. Ngozi ikishatengeneza ya kutosha, inayozidi hugeuka vitu visivyo na kazi. Kuungua hakukuongezei kitu.

Nijikinge vipi?

Kofia yenye ukingo mpana pande zote, maana kapelo huacha masikio na shingo nje. Mikono mirefu. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, tafuta pa kujificha. Losheni ya kukinga jua iwe ya SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi, irudiwe kila baada ya saa mbili na kila ukitoka jasho.

Hospitali watanifanya nini?

Watakichunguza, na wakikitilia shaka watakata kinyama kidogo kikapimwe maabara. Siku ya kuja usikipake kitu. Ukija kimejaa unga wa majani, tunaanza kwa kuuosha, na huo ndio unaouma.