Hiyo asilimia 93 iacheni

Juzi tena, kwenye semina ya viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima (AMCOS) hapa Mtwara, mwezeshaji kasema asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili, maneno ni saba tu. Watu wakaandika. Nimechoka kuifuta hesabu hii vichwani mwa ninaowaandaa kwenda runingani.

Ni ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian, Marekani, 1967. Alipima hisia za kupenda na kutopenda, kwa neno moja moja, pale neno na sauti, au sauti na picha ya uso, vinapopingana. Mabega na mikono havikuwamo. Mwenyewe ameeleza kuwa haihusu mazungumzo yasiyo ya hisia.

Sasa mwenyekiti wa AMCOS anaitwa kuzungumzia mnada wa korosho. Amefundishwa kukaa wima, lakini bei ya kilo hana, siku ya malipo hana. Mkulima wa Newala atamkumbuka kwa mgongo? Mwili hukakamaa hasa pale mtu asipojua la kusema. Jibu la swali la kwanza likishakaa mdomoni, mikono hutulia yenyewe.

Mengine ni mepesi. Kiti cha kuzunguka kikatae. Pindo la koti likalie, lisikupande shingoni. Shati jeupe pee kwenye jua la saa sita nje ya ghala liache: kamera hufuata weupe wake, uso ukazama gizani.

Kinachoniudhi zaidi ni macho. "Tazama kamera!" wanaambiwa wote. Hapana! Mwandishi akiwa mbele yako, mtazame yeye. Kamera itazame pale tu unapounganishwa na studio ya Dar na muulizaji humwoni.

Na hapo kuna la kwetu. Mama wa Mikindani akihojiwa na mtu aliyemzidi umri atainamisha macho, ndivyo alivyolelewa. Jirani yake ataona adabu. Wa mbali huenda akadhani anaficha jambo. Simlazimishi. Namwomba tu sentensi ya kwanza aimalize akimtazama muulizaji, kisha macho yaende yanakotaka. Kwa mahojiano mafupi naona inatosha. Kwa mdahalo nina wasiwasi, maana kamera hukuonyesha hata ukiwa kimya, na anayeinama wakati anatuhumiwa huonekana amekiri. Huko namwambia amtazame mwenzake kidevuni. Kwenye skrini huonekana kama macho kwa macho, naye hajajiona mkosa adabu.