Benki hupata wapi faida wakati wa janga?

Chakula kikuu cha benki ni tofauti ya riba. Tuseme umeweka akiba yako benki ya Mwanjelwa, Mbeya, unapewa asilimia 3 kwa mwaka. Fedha hizohizo anakopeshwa mfanyabiashara wa mbao Mafinga kwa asilimia 18. Kinachobaki katikati, ukiondoa mishahara, pango na hasara, ndiyo faida.

Janga hupiga hapo kwenye hasara. Mwaka 2020 corona ilipowakatisha watalii wa Ruaha, mwenye nyumba ya wageni Iringa angeweza kukosa rejesho kabisa. Mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa huitwa chechefu, na benki hulazimika kutenga fedha za kufidia. Tengo hilo hukatwa kwenye faida.

Dawa yake ni kupanga mkopo upya. Mei 2020 Benki Kuu ya Tanzania ilizitaka benki zizungumze na wakopaji walioathirika. Chukua deni la milioni 10 kwa riba ya asilimia 18: riba ya mwezi ni kama 150,000. Marejesho yakisimama miezi mitatu, riba kwa kawaida haisimami, hivyo kama 450,000 zinapanda juu ya deni. Mkopaji amepumua, sikatai, ila pumzi hiyo kainunua. Benki nayo inaendelea kuandika riba kama mapato, na mkopo unasomeka mzima vitabuni hata kama nyumba ya wageni haina mgeni.

Mwezi huohuo Benki Kuu ilishusha riba inayozitoza benki kutoka asilimia 7 hadi 5. Sehemu ya amana za wateja ambayo benki hulazimika kuiweka kwake nayo ikashuka kutoka asilimia 7 hadi 6 kuanzia Juni 8. Fedha ikawa rahisi kidogo, na benki iliyoogopa kukopesha wenye maduka iliweza kununua hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali, na kusubiri riba yake. Makato ya miamala nayo yaliendelea.

Tengo lenyewe lina kituko chake. Hasara iliyoogopwa isipotokea, fedha zile hurudishwa na kuhesabiwa faida. JPMorgan Chase ya Marekani ilitenga mabilioni mwaka 2020. Mwaka 2021 ikarudisha sehemu kubwa, na faida yake ikafika dola bilioni 48.3. Kwa hiyo gazeti likitoa hesabu za robo mwaka za benki yako, tafuta kwanza mstari wa tengo la mikopo, ndipo uitazame faida.