Kopa moja inauzwa bei gani?

Mbalamwezi ikikolea, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana taa zao hazifui dafu mbele ya mwezi. Usiku huo baraza langu hapa Mwanga, Kigoma, hujaa vijana wanaotaka kujifunza poka. Tunacheza Texas Hold'em: karata mbili za siri mkononi, tano za wote mkekani. Dau letu ni maharage. Pesa nimeikataa kabisa.

Kosa ninalolisahihisha kila mara ni kulipia karata bila kuuliza bei. Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kibirizi alishika kopa mbili, na mkekani zilikuwa zimefunguliwa karata nne, mbili kati yake kopa. Alihitaji moja tu zitimie tano za aina moja, ambazo hushinda karata nyingi. Katikati palikuwa na maharage 60, mwenzake akaweka 30, naye ili aione karata ya tano ilibidi alipe 30 vilevile. Kijana akasukuma 30 zake papo hapo. "Kaka, kopa moja tu!"

Nikasimamisha mchezo, tukahesabu. Karata ni 52, yeye anaziona sita. Zimebaki 46, na humo kopa ni 9. Yaani kila akijaribu mara tano, atapata kama mara moja. Akilipa 30 akakosa mara nne, kapoteza 120. Ile mara moja akipata, anazoa 90. Mwenzake angeweka 15 tu, hesabu ingegeuka: kukosa mara nne ni 60, kupata mara moja ni 75. Hapo alipe bila wasiwasi.

Wapo watakaosema kopa ikitoka atamkamua mwenzake zaidi kwenye dau la mwisho. Ni kweli, kama mwenzake bado ana kitu. Siku ile alibakiwa na maharage manne.

Nikamuuliza: mafuta ya boti yakizidi thamani ya dagaa unaowategemea, utawasha injini? Hapo akanielewa.

Kosa hilo huanzia mbali, kwenye kucheza kila karata unayogawiwa. Jozi ya ree, kubwa kuliko zote, huja kwa wastani mara moja katika 221, na jozi yoyote mara moja katika 17. Mara nyingi basi unashika takataka, na takataka hutupwa. Sichoki kulisema hili, kwa sababu naona vijana wenye akili nzuri wakifilisika kwa mfalme na mbili, eti zote shupaza.

Kuna na mkwara: kumtisha mwenzako kwa dau kubwa wakati huna karata. Wengi wamesikia habari za Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyetwaa ubingwa wa dunia wa poka Las Vegas mwaka 2003. Hakuwa na hata jozi, akasukuma kila alichokuwa nacho, na mpinzani wake, Sam Farha, akatupa jozi ya tisa. Mimi humtazama zaidi Farha: mkwara ulifaulu kwa sababu alikuwa mtu anayeweza kutupa jozi. Barazani kwangu mwenye jozi ya nne hulipa mpaka mwisho. Mtu wa namna hiyo usimtishe. Ngoja ushike karata nzuri, umtoze.

Kuhusu zamu, anayesema mwisho ameshaona wenzake walivyoamua. Ukiwa wa kwanza, chagua karata kwa ukali zaidi.

Yule kijana wa Kibirizi bado anakuja. Siku hizi kabla ya kulipa hupanga maharage mkekani, manne upande huu, moja upande ule, anayatazama kwanza.