Punje chache ndizo zinazobeba mzigo

Ripoti nyingi za udongo zinazofika mezani kwangu huanza na mchoro wa chekeche: asilimia ngapi ya mchanga imepita kwenye tundu la ukubwa gani. Ni mchoro wa lazima, siupingi. Lakini chukua mchanga wa mtoni na ule mweupe wa ufukwe wa Paje au Jambiani, Zanzibar, uchekeche yote miwili mpaka michoro yake ilingane kabisa, kisha itwishe mzigo. Hapo utaona huu na ule haina undugu. Chekeche imepima ukubwa wa punje. Haijagusa umbo lake, ugumu wake, wala namna zilivyopangana.

Tuanze na kupangana. Wahandisi tunapiga hesabu ya mkazo kwa kugawa mzigo kwa eneo, kana kwamba mchanga ni kitu kimoja kisicho na mapengo. Kwa msingi wa nyumba ya kawaida inatosha. Hata hivyo, ndani ya mchanga nguvu haina njia nyingine ila pale punje inapogusana na punje. Mwaka 1957 Mfaransa Dantu alilionyesha hilo kwa kubana vipande angavu vya mviringo ambavyo, vikimulikwa kwa mwanga maalumu, hung'aa pale vinapobanwa. Havikung'aa vyote. Ilitokea mistari michache iliyopindapinda, na pembeni yake vipande vingi vikabaki gizani. Mistari hiyo tunaiita minyororo ya nguvu. Watafiti Cundall na Strack walipochapisha mwaka 1979 njia ya kukokotoa mwendo wa kila punje kwa kompyuta, iliwezekana kuihesabu. Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba migusano yenye nguvu kuzidi wastani ni chini ya nusu ya migusano yote, na ndiyo inayouzuia mchanga usiporomoke upande. Iliyobaki kazi yake ni kuiegemeza minyororo isipinde.

Sasa, punje zilizobanana haziwezi kuteleza bila kupandana, na zikipandana mchanga hutanuka. Mhandisi Osborne Reynolds alilieleza jambo hili mwaka 1885, nawe unalijua kwa mguu: ukikanyaga mchanga mbichi wa pwani, unakauka ghafla kuzunguka unyayo, kwa sababu mapengo yamepanuka na maji ya juu yamezama humo. Mchanga uliolegea hufanya kinyume. Mnunuzi anayedai kibaba cha mchele kitikiswe anaijua nusu ya fizikia hii: punje huangukia mapengo na ujazo hupungua. Nusu ya pili ndiyo ya hatari. Mapengo yakiwa yamejaa maji, na mtikisiko ukawa wa haraka, maji hayawahi kutoka. Huubeba mzigo yenyewe, na punje huachana. Huko Niigata, Japani, katika tetemeko la tarehe 16 Juni 1964, majengo ya ghorofa ya Kawagishi-cho yaliinama, moja likakaribia kulala chali, huku kuta zake zikiwa karibu nzima.

Kushindilia basi ndiyo dawa? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, ila si yote. Mwaka 1972 Mjapani Oda alionyesha kwamba mchanga uleule, wenye msongamano uleule, hubadilika ukakamavu kulingana na upande unaosukumwa. Punje ndefu zikimiminwa hulala, na migusano mingi huelekea juu na chini. Ndiyo maana nina shaka na sampuli iliyosafirishwa kwenye mfuko wa plastiki na kushindiliwa upya maabara: namba ya msongamano inarudi, mpangilio haurudi.

Turudi pwani. Mchanga wa mtoni aghalabu ni kwatzi, wenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10. Ule mweupe ni vipande vya matumbawe, maganda na vijiumbe vya bahari, yaani madini ya chokaa yenye ugumu wa takriban 3 hadi 4, tena punje nyingi zina uwazi ndani. Kinachowachanganya watu ni kwamba maabara, chini ya mzigo mdogo, mchanga huu huonyesha pembe ya msuguano, yaani kipimo cha jinsi punje zinavyokataa kuteleza, kubwa kuliko ya kwatzi, mara nyingi zaidi ya nyuzi 40, kwa kuwa punje zake zina kona na hushikana vizuri. Anayeiamini namba hiyo peke yake anaingia mtegoni. Mzigo ukiongezeka, minyororo ileile michache hukamata punje dhaifu na kuzivunja, na ujazo hunywea.

Wajenzi wa jukwaa la gesi la North Rankin A, nje ya pwani ya kaskazini magharibi ya Australia, walikutana na hali hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nguzo za chuma zilizopigiliwa kwenye mchanga wa chokaa zilishuka kirahisi kupita kiasi, na ikalazimu msingi uimarishwe kwa gharama kubwa. Nguzo ya namna hiyo hushikwa pembeni kwa msuguano, na msuguano huhitaji mchanga uikumbatie. Kila pigo la nyundo lilivunja punje zilizokuwa ubavuni, mchanga ukanywea na kuiachia. Tangu hapo, katika mchanga wa aina hii, hupendelewa kuchimba tundu kwanza, kuteremsha nguzo, kisha kujaza uji wa saruji pembeni yake.

Kwa anayejenga gati au hoteli ufukweni, dondosha asidi hafifu ya haidrokloriki kwenye konzi ya mchanga. Ukitoa povu kwa wingi, una chokaa. Ziangalie punje kwa lenzi. Waombe maabara wauchekeche mchanga kabla na baada ya kuubana kwa mkazo utakaoupata kweli, maana tofauti ya michoro hiyo miwili ndiyo itakayokwambia punje ngapi zimevunjika. Na kama nguzo lazima zipigiliwe, pigilia moja, itwishe mzigo, usome mshuko wake kabla ya kuagiza zilizobaki. Mkandarasi atalalamika kuhusu ratiba. Mwache alalamike.