Usimamizi wa maji ya juu ya ardhi mgodini: maana yake

Maji ya juu ya ardhi ni mvua inayotiririka juu ya udongo, pamoja na mito, mabwawa na madimbwi. Kuyasimamia mgodini ni kupanga mapema yapite wapi, yasifike wapi, na yaliyochafuka yashikiliwe wapi. Kazi yote inasimama juu ya jambo moja: maji safi na maji machafu yasikutane.

Tuchukue Nzega, mkoani Tabora, ambako mvua ni ya kati ya Novemba na Aprili. Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu ya hekta moja inamwaga lita 300,000, na ardhi iliyoshindiliwa na malori hunywa kidogo sana. Maji yanapoteremka kutoka mwinukoni huwa yamebeba udongo tu. Yakishakatiza kwenye karasha (mashine za kusaga mawe), mialo (sehemu za kuoshea dhahabu) na marundo ya marudio, yaani mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa, huondoka na tope, na pengine zebaki au sayanaidi, kemikali za kukamatia dhahabu.

Ndiyo maana naona mtaro wa kinga, unaochimbwa upande wa juu wa mgodi ili kuyachepusha maji kabla hayajaingia, uje kabla ya pampu. Kwa mchimbaji mdogo, sururu na koleo vinatosha. Wengi huanza na pampu, wakachoma dizeli kutwa kutoa kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, maji ambayo yasingepaswa kuingia. Hatari kubwa zaidi ni ya uhai: udongo ulioloa huwa mzito na hulegea, matimba (magogo yanayoshikilia kuta) yakaelemewa, duara likafukia watu. Kwa hiyo mdomo wa duara nao uzungushiwe tuta. Na kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao hupasuka nyufa kiangazi, mtaro ukaguliwe na nyufa zake kuzibwa kabla ya mvua za kwanza.

Maji yaliyokwisha kuchafuka hupelekwa kwenye bwawa la kutuliza tope. Mchanga huzama upesi, lakini chembe laini za mfinyanzi zinaweza kuelea siku kadhaa. Kwa hiyo maji yaingilie ncha moja na kutokea ncha ya pili, yapite polepole. Tope lililotuama lizolewe, la sivyo bwawa halina nafasi tena. Ila kutulia si kusafika. Sayanaidi iliyoyeyuka haizami na tope, hivyo maji ya marudio yanahitaji bwawa lake, lenye sakafu isiyovuja na nafasi ya ziada ya kupokea mvua kubwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli zinazoweza kuathiri mto au ziwa ndani ya mita 60 za kingo zake.

Migodi mikubwa ya shimo la wazi, kama ulivyokuwa mgodi wa dhahabu wa Golden Pride pale Lusu, Nzega, huhitaji mambo hayohayo kwa ukubwa zaidi. Mgodi ukifungwa pampu huzimwa na shimo huanza kujaa, kwa hiyo mpango wa kufunga unapaswa kuonyesha mitaro ipi itabaki na nani ataizibua kila mwaka.